Mgeni Asiye na Mabawa

Jumamosi, jioni. Upepo wa ziwa unapiga mabati tangu asubuhi, na mimi nina hasira. Hasira nzuri.

Kikundi cha maigizo cha parokia kiliniomba niandike mchezo juu ya mgeni. Niliandika kama wote wanavyoandika: mwanamke anabisha hodi, anafukuzwa mlango kwa mlango, mwishoni anavua kitenge, kumbe ni malaika. Wenyeji wanalia.

Nafasi ya mgeni nilimpa Mama Feza. Alikimbia vita kijijini kwao, sasa anaishi kambini Katanika, na ana sauti inayokufanya uache kutafuna.

Papa Kisimba, mkubwa wa kikundi, alikataa, ukumbini, Feza mwenyewe akisikia.

"Madamu, tuko na watoto wetu hapa. Huyu mama hatumujui."

"Lakini Papa, huyu njo mugeni wa kweli!"

"Njo maana ninakataa."

Mgeni tunamtaka, mradi awe mtoto wa nyumbani.

Tulipotoka nje, Feza hakulia. Aliniuliza tu: "Madamu, kwa nini niwe malaika kwanza? Muntu wa kawaida hapewi maji?"

Swali hilo nimetembea nalo wiki nzima. Kwenye filamu, mgeni akishuka tu kwenye basi muziki unabadilika: ataua, au ataiba mume wa mtu. Kwenye vitabu nilivyosoma shuleni anakufa mwishoni ili wenyeji wajifunze kitu. Kanisani anaota mabawa.

Hakuna anayemwacha awe mtu.

Basi nikamfuta malaika. Jirani yangu Mama Mwamini, Mwislamu, akatuazima uwanja wa nyumba yake tuchezee. Kwao, alisema, mgeni analishwa kwanza, ndipo anaulizwa ametoka wapi. Leo mchana tumecheza hapo na wanakikundi wachache, bila ruhusa ya Papa Kisimba.

Mwishoni watu walingoja kitenge kivuliwe. Feza alisimama tu, akawatazama.

"Sina mabawa," akasema. "Niko na kiu."



Wengine waliondoka wakinung'unika kwamba mchezo haujaisha. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti, "Sasa fundisho njo nini?" Kisha mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliyekuja kutazama tu, aliinuka, akachota maji kwenye pipa la Mama Mwamini, akampelekea. Feza akanywa yote.

Hilo sikuliandika mimi.

Sasa hivi Papa Kisimba ametuma ujumbe: niombe msamaha mbele ya wakubwa wa parokia, la sivyo nimetoka kwenye kikundi.

Siombi.

Kesho kwenye misa nitakaa benchi ya mbele, Feza kando yangu. Anayetaka kutuhamisha aje atushike mikono atutoe, pale mbele ya altare, watu wote wakitazama.