Kipanuzi cha Tatu

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikakaa kidogo, kana kwamba ungeitikia. Ni mwezi wa tatu sasa tangu wakuzike, na bado siwezi kuanza barua yako pengine.

Nakuandikia juu ya siku ile kwenye karakana ya Shifu Liang, kwa sababu hatukuwahi kuizungumza. Tulipoagana uwanja wa ndege ulinikumbusha nile vizuri na nivae soksi, nami nikakuomba umsalimie Mjomba. Tukaachana hivyo.

Ulikuja Guangzhou wakati wa maonyesho ya biashara kule Pazhou, mimi nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi. Wenzako kwenye ndege walifuata vigae, mikoba na simu. Wewe ulikuja kuniona, na ndani ya Biblia yako ulikuwa na karatasi ya daftari uliyoandika vipimo. Hukubeba hata ganda moja tupu la risasi. Sheria za silaha ulizijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Miaka yote ile uliwafundisha polisi shabaha, na ulipostaafu, klabu ya shabaha pale nyumbani ilikupa chumba cha nyuma, kibali, na mashine ya mkono ya kujazia risasi za bastola. Wanachama walikuletea maganda yaliyokwisha kupigwa, wewe ukayasafisha na kuyajaza upya. Nilikulia kwenye harufu ya chumba kile. Nilikuwa na miaka tisa uliponionyesha kwa nini kichwa cha risasi hakitakiwi kulegea ndani ya ganda: kikisukumwa chini kidogo tu, moto unakosa nafasi, na bastola inaweza kupasuka mkononi mwa mtu.

Shida yako, kama ulivyonieleza kwenye simu wiki nyingi kabla ya safari, ilikuwa hivi vichwa vipya. Klabu ilikuwa imeanza kununua vichwa vilivyopakwa utando wa rangi. Ni vinene kidogo kuliko vya zamani, na utando wenyewe ni laini. Mdomo wa ganda usipopanuliwa vya kutosha unaukwangua, na kichwa kinakaa upande. Ukipanuliwa mno, ganda halikishiki. Kila kitu kilitegemea kile kipande cha chuma kinachoingizwa mdomoni kuupanua kabla ya kupachika kichwa. Ulikiita kipanuzi. Ulisema cha zamani kilikuwa kimetengenezwa kwa vichwa vya zamani, na kwamba binti anayesomea vyuma China hawezi kushindwa kupata kingine.

Shifu Liang, maana mafundi huko huitwa shifu, alikuwa fundi wa kukereza vyuma pembeni ya kijiji cha Kangle, mwanamke wa umri wako, mwenye nywele fupi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake hasa ilikuwa vipuri vya cherehani kwa vile viwanda vidogo vya nguo vilivyojaa pale kijijini. Nilimwambia tunataka kupanua midomo ya vijibomba vya shaba, na kwa jinsi fulani nilisema kweli. Nilimchorea vipanuzi vitatu vilivyotofautiana kwa unene usiozidi wa unywele. Kila kimoja kilikuwa na sehemu nyembamba ya kuingia, halafu kidaraja kinene zaidi cha kufungua mdomo tu, kichwa kipate kusimama wima kabla ya kubanwa. Alivichonga mistari: mmoja, miwili, mitatu.

Nilikata vijibomba kwa urefu wa ganda. Nilikereza vichwa vya plastiki kwenye karakana ya chuo, nikavipaka rangi nyekundu ya kucha ili mkwaruzo wowote uonekane. Ulivicheka. Ulisema hujawahi kuona risasi iliyotoka saluni.

Siku ile ya Alhamisi ulivaa kitenge cha bluu na viatu vya raba. Shifu Liang alikupa stuli na maji ya moto kwenye kikombe cha bati. Tukaanza. Kipanuzi cha kwanza kilibana, rangi ikakwanguka, ukabaki mduara mwekundu mdomoni mwa bomba. Cha pili kilikuwa sawasawa. Mdomo ulifunguka kidogo sana, kichwa kikasimama, na nilipokibana kikashika. Cha tatu kilifungua mdomo kama tarumbeta. Kichwa kilitumbukia, na nilipokisukuma kwa dole gumba kikazama.

Nikakusogezea vipanuzi vyote vitatu, kila kimoja na bomba lililopanuliwa nacho, uchague mwenyewe.

Ukavipapasa. Ukapachika kichwa kwenye bomba la kwanza, ukaliweka chini. Kwenye la pili ulihangaika, ukakigeuza kichwa mara tatu, midomo yako ikikazana. Ukachukua la tatu, kichwa kikaingia mara moja.

"Hiki," ukasema. "Hiki kinaingia vizuri."

"Mama, kinazama."

"Kinaingia vizuri."

"Kinazama. Sukuma uone."

Hukusukuma. Shifu Liang, akidhani hatujaelewana juu ya namba, alikunyooshea kipanuzi cha pili na kukuonyesha mistari yake miwili kwa ukucha. Ukaitikia kwa kichwa kwa heshima. Ulikuwa unatazama upande wa pili wa chuma, mahali pasipo na mstari wowote.

Nikakuuliza, "Huoni?"

"Naona." "Nakuona wewe, namwona huyu mama, naona mlango. Mdomo wa ganda ndio sioni. Kwa hiki cha tatu naweza kukiweka bila kuona."

Nikauliza tangu lini. Ukasema ni sukari, tangu mwaka jana, daktari ameshakwambia. Kisha ukasema, "Usimwambie Shirima."

Mzee Shirima, katibu wa klabu, aliyekuamini kiasi cha kutokagua hata risasi moja iliyotoka mikononi mwako. Wanachama wote walipiga ulichojaza wewe.

"Mama, wanaopiga ni watu wengine."

"Najua wanaopiga ni akina nani. Nimewafundisha."

Basi nikachukua kile kipanuzi cha tatu, nikampa Shifu Liang, nikamwambia kwa Kichina akisage. Aliniuliza kama nina hakika, maana kilikuwa kazi nzuri. Nikamwambia ndiyo. Akawasha jiwe la kunolea, cheche zikaruka, nawe ukakaa kwenye stuli ukisikiliza, mikono juu ya mapaja. Hukuniuliza nimemwambia nini. Uliujua mlio ule.

Tuliporudi tulipita katikati ya marobota ya vitambaa, pikipiki zikitupigia honi. Ukanishika kiwiko. Hukuwahi kunishika kiwiko kabla ya siku ile, Mama. Wewe ndiye uliyekuwa unashika watu.

Baada ya hapo tulizungumza kila Jumapili, saa tisa alasiri kwangu, saa nne asubuhi kwako, ukitoka kanisani. Tuliongelea mvua, mbuzi, masomo. Sikuuliza habari za klabu nawe hukuitaja. Nilijua umenikasirikia. Niliamini hivyo karibu mwaka mzima, mpaka sukari ilipokumaliza, na ukazikwa kabla sijapata kiti kwenye ndege.

Wiki mbili zilizopita Mzee Shirima alinipigia simu. Alitaka kunipa pole kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akasema Jumatatu ya kwanza baada ya kurudi kutoka China, uliingia ofisini kwake, ukaweka funguo za chumba cha nyuma mezani, pamoja na kibali. Alikuuliza kuna nini.

"Akaniambia macho yake yamekwisha," Mzee Shirima alisema. "Akaniambia, 'Binti yangu alinipima, akakataa kunipitisha.' Alisema hivyo kama mtu anayejisifu. Akayarudia maneno hayo kwa wengine pale nje, kila aliyepita."

Nilimshukuru, nikakata simu. Nilikaa kitandani nikisubiri kulia, kwa sababu niliona hapo ndipo mtu angelia. Haikutokea. Saa nane nilikuwa na maabara. Nikaenda, nikapima vipande nilivyopewa, nikaandika majibu, mwalimu akaweka tiki.

Tangu siku hiyo nayasema maneno yako kwa sauti, nikiwa peke yangu chumbani, kama mtu anayebonyeza fizi iliyodungwa ganzi. Binti yangu alinipima, akakataa kunipitisha. Najua yanauma. Najua pia yananisifu. Bado sisikii chochote.

Ningefanya vile vile, Mama. Hilo ndilo pekee ninaloweza kukuambia kwa hakika leo. Ila ningekushika mkono kwanza.

Pumzika sasa. Hakuna anayekusubiri kazini.

Mwanao wa pekee,
Rehema