Mkonge wa Mpakani

Zombo, nyumbani kwa Bi Mwanaidi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Niache kwanza nitoe lililonikaa kooni, maana nikianza na habari za afya nitajificha humo mpaka karatasi iishe. Mimi ndiye niliyeng'oa mkonge wa mpakani, kati ya shamba la Bi Mwanaidi na la Mzee Shabani. Sijamwambia mtu yeyote.

Sasa naweza kukuuliza, hamjambo? Kifua cha baba kimetulia? Vitunguu mmeshavihamisha kutoka kitaluni, au bado mnasubiri zamu ya maji? Ningepiga simu, lakini ukipokea unaweka sauti ya nje na nyumba nzima inasikiliza, na hili siwezi kulisema mbele ya shangazi.

Mama Mdogo alikueleza kwamba nilijiunga na vijana wa Mikumi wanaojitolea kupanda uzio wa miti. Alinisukuma yeye. Alisema nikikaa ndani kungoja matokeo nitaota ukungu. Shamba tulilopewa ni la Bi Mwanaidi, mjane, ambaye kila mwaka ng'ombe humwingilia shambani mahindi yakianza kubeba. Mzee Shabani, jirani yake, ndiye humsaidia kuwafukuza. Ni watu wa kuombana chumvi na moto tangu ujana wao.

Tulipanda minyaa. Unakata matawi, unayalaza kivulini siku kadhaa mpaka utomvu ukauke, ndipo unayachomeka ardhini, na huku unachunga macho yako maana utomvu ule unapofusha. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza. Kiongozi wetu akauliza nani ataisoma na kutueleza kwa Kiswahili, na sijui nini kilinipata, nikanyoosha mkono. Nilisoma yote bila kutetemeka. Wenzangu wakanitania kwamba kumbe bubu ana redio tumboni. Kiongozi akasema basi Penina ndiye atakayeshika kamba, sisi tutafuata nyuma yake. Mama, nilifurahi mno, na nadhani ndiyo maana sikuuliza kitu.

Karatasi ilisema safisha kila kilicho kwenye mstari. Karibu na mwisho wa shamba kulikuwa na mkonge mmoja mzee, umeshatoa mlingoti wa maua, majani yamenyauka, miiba inanichoma miguu. Nikaung'oa kwa jembe nikautupa kwenye moto wa magugu. Kwetu mlimani mpaka ni jiwe na tuta. Sikujua kwamba huku tambarare watu wanapanda mkonge, na kwamba hata ukifa hauguswi. Mbele yake kidogo kulikuwa na kichuguu kigumu kama saruji. Nikakihamisha kigingi cha kamba hatua saba hivi, upande wa pili wa kichuguu, kamba ikanyooka vizuri. Wote wakapanda kwa kufuata kamba yangu.

Walipomaliza wakarudi Mikumi. Mimi Mama Mdogo aliniruhusu nibaki nimsaidie Bi Mwanaidi, ninayemwita Bibi, kumwagilia, kwa kuwa ana mtoto wa jicho na anaona watu kama vivuli.

Mzee Shabani hakuwepo siku zile, alikuwa kwa binti yake Magomeni, Kilosa mjini. Aliporudi alisimama pale kwenye minyaa muda mrefu, halafu akaja uani. Hakubisha hodi.

"Mwanaidi," akasema, "tumezeeka pamoja mimi na wewe. Leo unanila kwa mikono ya watoto?"

Bibi alidhani anatania, akamwambia akae anywe uji. Hakukaa. Akasema mkonge aliouweka baba yake haupo na uzio umeingia kwake. Alipoondoka, Bibi akanigeukia.

"Penina, mjukuu wangu, kamba uliishika wewe. Mlifuata mkonge?"

Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

Hilo ndilo linalonila zaidi, Mama. Mkonge niliung'oa kwa kutojua, lakini ile "Ndiyo" niliisema nikijua.

Tangu siku ile Mzee Shabani anapita njia ya nyuma ili asimsalimie. Bibi akisikia nyayo za mtu yeyote anainua uso, kisha anaurudisha kwenye kazi yake. Kesho asubuhi mwenyekiti wa kitongoji anakuja na wazee kuamua. Jana Bibi alimtumia ujumbe kwamba yuko tayari kushika msahafu na kuapa kwamba uzio wake haukuvuka. Wewe unajua maana ya kiapo kwa mtu kama yeye. Hajawahi kusema uongo, na kesho ataapa uongo mbele ya Mungu wake kwa kuwa aliniamini mimi, kwa sababu macho yangu ni mazima na yake si mazima.

Najua nikisema, minyaa ya upande ule itang'olewa ikiwa imeanza kushika, na Mama Mdogo ataona haya, na watasema watoto wa mlimani wana adabu ya kuonyesha tu. Nimejaribu mara tatu. Naita "Bibi," anaitika "Abee," naishia kumwuliza kama anataka maji.

Nisalimie baba, na shangazi, mwambie kitenge alichonipa nakivaa. Msalimie bibi mzaa baba, na mdogo wangu wa mwisho, asiguse madaftari yangu. Mwalimu wa Jumapili mwambie aniombee, usimwambie kwa nini.

Leo nimeificha barua hii chini ya mkeka kila Bibi alipopita, kama mjinga, kana kwamba anaweza kusoma. Sasa hivi nasikia kandambili zake zinakuja huku, na fimbo inagonga ukuta kutafuta mlango. Siifichi. Kusema nimeshindwa, lakini kusoma kwa sauti naweza. Nitamwomba akae, nimsomee kuanzia mstari wa kwanza.

Mwanao,
Penina