Maji Juu ya Mikono ya Walinzi

Ayt Wanzer, 14 Aprili 2019

Kwa mdogo wangu Haddu, uliye Lens, Ufaransa,

Salamu zangu zikuwahi kabla ya ukungu wa huko. U mzima? Kifua chako je, bado kinapiga filimbi kwa vumbi la makaa? Wajukuu wanaendeleaje? Sisi huku wazima wote, ila goti langu la kushoto limejitenga na ukoo, linafanya mambo yake lenyewe.

Usishangae mwandiko. Ni mimi mwenyewe, Bassu, kwa mkono wangu. Nina miaka sabini na mmoja na nimekaa darasa la kusoma na kuandika na wanawake kumi na wanane, mwanamume peke yangu, wakinicheka mpaka mitandio ikaanguka. Nimewapita wote. Mwalimu wetu Itto, yule binti wa mhunzi, anasema nimekuwa wa pili. Anakosea. Na simu sitaki, maana mimi kunong'ona sijui, nikiongea kwa simu bonde zima linasikia.

Sasa sikiliza habari. Jumuiya yetu ya kutunza mlima imetimiza miaka kumi na miwili, na mwenyekiti ni nani? Mimi. Katibu ni huyo huyo Itto, lakini kazi ni yangu. Mwaka jana tumepewa cheti chenye muhuri, nimekitundika juu ya redio. Wataalamu watatu wamekuja na vyombo vya kupima udongo, wanataka kujua kwa nini malisho yetu ya Tamda bado yana nyasi wakati wenzetu wa bonde la pili wamebaki na mawe. Nikawaambia pimeni, mkimaliza njooni niwape jibu. Jibu ni agdal, lile lile la baba. Mwisho wa Machi tunafunga mlima. Hakuna kwato, hakuna mundu, mpaka maua yakauke na mbegu zidondoke zenyewe. Julai tunafungua, na wote tunaingia siku moja, mwenye ng'ombe hamsini na mwenye mbuzi mmoja. Walinzi ni kumi na wawili, mmoja kila ukoo, na mkuu wao juu yao. Anayevunja anachinja kondoo awalishe walinzi, na anawanawisha mikono yeye mwenyewe, amesimama, watu wakimtazama. Mimi nimekuwa mlinzi, nikawa mkuu wa walinzi, sasa mwenyekiti, na kwa miaka arobaini na tisa hakuna aliyeona unyasi mmoja ukivunjwa na Bassu.

Mwaka huu mvua imetunyima. Watu wananung'unika, wanataka tufungue mapema. Mimi ni ukuta.

Njoo Julai, siku ya kufungua. Unakumbuka siagi ya siku ile, ilivyokuwa ikinukia majani ya zaatari? Baba akifyatua risasi moja hewani, na mimi na wewe tukishuka kwa mbio mpaka miguu inatupita? Siku hizi hakuna anayekimbia vile. Njoo.

Kaka yako,
Bassu


Lens, 3 Mei 2019

Kaka Bassu,

Nimefurahi kusikia mu wazima, pamoja na hilo goti. Mimi nipo. Kifua kinalia asubuhi, mchana kinanyamaza. Wajukuu ni watano sasa, hakuna anayejua kumkamua hata mbuzi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara tatu ni kwa sababu ya mwandiko.

Siagi naikumbuka. Kuna mwanamke hapa sokoni huuza zaatari kavu kwenye vifuko. Mimi hununua kifuko kimoja kila mwezi na sikipiki. Mke wangu anauliza cha nini, namwambia cha mbu.

Lakini Tamda sipandi. Baba alipofariki nilikuja siku tatu, na siku zote tatu nilitazama chini. Sababu unaijua. Tafadhali usiniite tena huko.

Mdogo wako,
Haddu


Ayt Wanzer, 26 Mei 2019

Mdogo wangu Haddu,

Saumu njema. Unafunga na kifua hicho? Usifunge, Mungu si mkali kama daktari. Hapa tunafuturu supu na tende, tunamshukuru Mungu. Ulichosema kuhusu Tamda nimekisoma. Leo sikijibu, maana kuna jambo limenifika.

Alhamisi asubuhi walinzi wamemkuta Tuda, mjane wa fundi wa matandiko, ndani ya agdal, mkono wake uko juu ya shingo ya ng'ombe wake. Na sheria unaijua, mkono ulio juu ya mnyama ndio wenye kosa. Tuda akapiga kelele, "Nilikuwa namtoa! Sikumwingiza mimi, nimemkuta humu!"

Mzee Qassu, yule mlinzi wa ukoo wa juu, akamjibu, "Mama, kila mwizi anayekutwa na kuku huwa anamrudisha bandani."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Haddu, halafu nikajikuta natazama chini.

Itto akanivuta pembeni. "Babu, kwa nini hatuulizi nani alimwingiza?"

"Sheria haiulizi hilo."

"Basi sheria ina jicho moja."

"Jicho hilo moja ndilo limekutunzia nyasi tangu kabla babu yako hajazaliwa."

"Na limemponza nani?" akaniuliza hivyo hivyo, mtoto wa juzi. Nikamwambia ulimi wake ni mrefu kuliko barabara ya Marrakesh.

Sasa hesabu mwenyewe. Nikimwachia Tuda, kesho kila mtu ataingiza wanyama, akikutwa aseme alikuwa anawatoa. Wiki mbili tu Tamda itakuwa kama bonde la pili, na mwaka huu hakuna mvua ya kuirudisha. Nikimwadhibu, ana ng'ombe mmoja na kondoo wawili, na simwoni usoni kama anasema uongo. Kikao ni baada ya Id. Wewe ungefanyaje? Nakuuliza kama mwenyekiti tu.

Kaka yako,
Bassu


Lens, 6 Juni 2019

Kaka Bassu,

Id njema kwako na kwa wote. Sisi wazima.

Umeniuliza kama mwenyekiti. Nakujibu kama mtu aliyeshika birika.

Yule kondoo wako wa mwaka wa sabini alikuwa na kengele ya shaba na sikio lililokatwa ncha. Ulikuwa unamnenepesha kwa ajili ya harusi yako, na masika ya mwaka ule yalikuwa makavu kama haya. Nilimwona ndani ya agdal. Nikajua ni wewe. Nikaingia kumtoa kabla baba hajapita, kwa sababu mkuu wa walinzi alikuwa baba, na wewe ulikuwa umeshachaguliwa uwe mlinzi. Mkono wangu ulikuwa juu ya shingo yake baba alipotokea. Wewe ulikuwa nyuma yake. Mimi nilikutazama wewe, wewe ukatazama kengele.

Niliwanawisha mmoja mmoja. Wa mwisho ulikuwa wewe, siku yako ya kwanza kuketi na walinzi. Maji yalikuwa ya chemchemi, theluji iliyotoka kuyeyuka. Nikakumiminia. Ukanyoosha mikono.

Wiki ile ile nikaandikisha jina langu kwenda migodini.

Sikutaka kulisema hili. Baba amekufa akiniona mvunja agdal, na sasa haina faida. Lakini umeuliza. Mfanye huyo mama utakavyo. Mimi sitaandika tena.

Haddu


Ayt Wanzer, 24 Juni 2019

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na utaifungua. Kama hutaki kuifungua, mpe mjukuu aifungue.

Barua yako ilifika asubuhi ya kikao. Niliisoma nimesimama, nikaiweka ndani ya kilemba, nikaenda. Watu walijaa mpaka juu ya kuta. Tuda ameketi mbele na kondoo wake mmoja kamfunga kamba, tayari. Nikasimama nikasema, "Kabla ya kesi ya Tuda kuna kesi nyingine, ya mwaka wa sabini."

Mtu akapaza sauti, "Mwenyekiti, sabini wengine hatukuwa hata na majina!"

Nikawaambia yote. Kengele, sikio, mkono wako. Nikasema Haddu alikuwa anamtoa, na aliyemwingiza ni mimi, na nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuwa mlinzi.

Haddu, watu wote wakaitazama fimbo ya baba mkononi mwangu. Hata mbuzi. Halafu Tuda, Mungu ampe maisha marefu, akasema, "Kumbe miaka yote hii tunasikiliza majigambo ya mvunja agdal!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Qassu hakucheka. Yeye alikuwepo siku ile. Akasema, "Nyama ile niliila. Nilisema ni tamu." Akajifunika uso kwa joho lake.

Ndipo Akka, shemeji yake Tuda, akainuka nyuma kule. Akasema ng'ombe alimwingiza yeye. Alidhani mjane akikutwa ataonewa huruma, na ng'ombe akinenepa atagawana naye maziwa. Tuda akavua kiatu, walimzuia wanawake sita. Kondoo wa Akka amechinjwa, Tuda akarudi na wake nyumbani. Sheria sasa inauliza maswali mawili, nani amemshika mnyama na nani amemwingiza. Tangu siku hiyo hakuna kwato iliyoingia Tamda. Nimepanda mwenyewe kuhakikisha, na goti hili. Maua ya njano yameanza kukauka. Nyasi zinafika hapa, chini kidogo ya goti, mwaka wa ukame.

Lakini uenyekiti wamenivua. Hawakunitukana. Itto ndiye mwenyekiti sasa, na fimbo ya baba nimempa kwa mkono wangu. Anaishika kama mwiko. Atajifunza.

Na mimi nimelipa. Nililichinja lile dume langu la kondoo lenye pembe za kujikunja, hakuna dume kama lile kutoka hapa mpaka Azilal. Walinzi wote kumi na wawili waliketi, nikasimama na birika. Nasema kweli, hawajawahi kunawishwa vizuri vile, hakuna tone lililoanguka nje ya beseni. Maji nilichota chemchemi ile ile. Mwishoni nikamnawisha Tuda. Akasema, "Yana baridi, babu." Nikasema najua. Sikuwa najua. Niliporudisha birika nikajimiminia mwenyewe, ndipo nikajua.

Nikaenda kaburini kwa baba, nikamwambia na yeye. Kwa sauti yangu hii, kwa hiyo nafikiri amesikia.

Tunafungua tarehe kumi na nne Julai. Sikuiti, ulinikataza. Nakupa tarehe tu. Birika lipo.

Kaka yako,
Bassu


Lens, 3 Julai 2019

Kaka,

Nilisema sitaandika, kwa hiyo hii ihesabu kuwa taarifa tu. Sote wazima.

Daktari amekataa. Anasema hewa ya mlimani ni nyepesi kwa kifua changu. Nimemwambia ndiyo hewa niliyozaliwa nayo. Nafika tarehe kumi na mbili, na mjukuu mmoja nitakuja naye, akaone mbuzi. Nitapanda juu ya nyumbu, polepole, na wewe utatangulia kwa miguu ukimwongoza, pamoja na goti lako.

Maji yapashe moto kwanza.

Mdogo wako,
Haddu