Orodha ya Wapiga Ngoma

Kijiji Kipya, Manyatta,
Embu.
9 Oktoba 1955

Mpendwa kaka Mbaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini joto la Mombasa halijakuyeyusha, na kile kifua chako kimepona. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nimempa Misheck, dereva wa lori la viazi, akukabidhi mkononi, maana zinazopita posta hufunguliwa kwanza.

Kaka, keti chini. Baba yako, baba mkubwa wangu, amefariki. Mchungaji alituletea habari Jumatano: homa ya matumbo, huko kambini alikokuwa amefungwa. Wamemzika hukohuko na kaburi hatukuonyeshwa. Nalia ninapoandika, unisamehe madoa.

Najua hata kukamatwa kwake hukuambiwa. Mama yako alinikataza kukuandikia, akitumaini mzee angerudi kabla hujajua. Sasa hakuna cha kuficha, kwa hiyo nikueleze.

Tulipohamishiwa kijiji hiki cha handaki na seng'enge, homugadi, wale walinzi wa serikali, walianza kupasua ngoma za wazee ziwe kuni za kupikia. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Njagi, akapatana na kikundi cha baba yako: shule itaziweka ngoma stoo, nao wazee watawafundisha watoto kila Jumanne na Alhamisi, mpaka mashindano ya shule za wilaya mwezi wa Agosti. Wakubwa wa elimu wakakubali.

Laiti ungemwona. Yeye aliyesema shule ni ya wavivu wanaokimbia jembe ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, akipasha ngozi za ngoma kwenye moto wa mabua ili zikaze. Watoto wakizibana ngoma ndefu mapajani walitembea kama bata, naye akicheka mpaka anafuta macho. Mwaka huu mzima sikuwa na siku nyingine njema.

Mwezi wa Juni ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ikataka majina ya wapiga ngoma, ndipo itoe ruhusa ya kukusanyika. Kati ya walimu, nikapewa mimi kazi hiyo kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Niliandika sita, nikawasomea. Baba mkubwa akasema wao ni saba, mbona Njuki hayumo? Nikamkumbusha kwamba Njuki aliingia msituni mwaka juzi kupigana na serikali, na nchi nzima inajua. Lakini unaijua sheria yao: mpiga ngoma haondolewi kikundini mpaka ngoma yake ikabidhiwe mrithi mbele ya wenzake.

"Ngoma yake hatujapea mtu," akasema. "Wewe andika tu, mwanangu."

Nikaandika. Mimi niliyesoma, niliyejua karatasi ile inakwenda kwa nani. Niliona haya kumbishia mzee. Majuto ni mjukuu, kaka.

Siku ya tatu askari wakaja. Kwao, kikundi chenye jina la mtu wa msituni ni kikundi cha msituni. Wazee sita walikalishwa chini uwanjani, watoto wakitazama madirishani, ngoma zote zikachomwa, kisha baba yako na wenzake wakapelekwa kambini. Agosti ilipita bila sisi. Siku hizi Jumanne watoto wanakwenda nyumbani kengele ikilia tu, wala hawaulizi.

Mama yako hajala vizuri tangu Jumatano, lakini Lenah analala kwake na kumlazimisha uji. Koome na Felicitas wanakusalimu. Usijaribu kuja bila pasi ya kusafiri, wataishia kukuchukua na wewe.

Nilitaka kuifunga barua hapa, nikashindwa. Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama yako. Siku ile afisa aliinua karatasi akauliza ni nani aliyeiandika. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Kabla sijafungua mdomo, baba yako alinyanyua mkono akasema ni yeye. Mkalimani, kijana wa Meru aitwaye Bundi, aliyetuletea karatasi za ofisi mara nyingi na kuujua mwandiko wangu, alinitazama kidogo, kisha akatafsiri hivyohivyo.

Mbaka, baba yako hakujua kuandika hata jina lake. Nami nilinyamaza.

Mungu akupe nguvu ya kumlilia, na baadaye, akipenda, ya kunijibu.

Dada yako akupendaye hata ukinikataa,
Wawira