Sakafu Iliyolowa Chini ya Chombo cha Anga

Malangali,
Sumbawanga.
12 Juni, 2025.

Mpendwa mwanangu Vicent,

Marahaba. Najua umeniamkia moyoni ulipouona mwandiko wangu, na kama hukuniamkia, jirekebishe kabla hujaendelea kusoma. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua tangu baridi ianze, na baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Asubuhi natembea na blanketi mpaka mlango wa studio yangu ya picha. Wewe je? Unakula vizuri? Unalala saa ngapi? Nijibu hayo kwanza, na unijibu kweli.

Baba yako Stephano, mdogo wangu, anamalizia kuvuna mahindi. Mama yako Lucia hajambo, kile kifua kimemwachia. Maharage hayakuwa mabaya, ingawa yaliyofika nyumbani ni machache kuliko yaliyotoka shambani, na aliyeyabeba namjua.

Barua hii anakuja nayo Sista Redempta, anayekuja huko ng'ambo kusoma. Nimekataa kukuandikia kwenye simu kwa sababu simu ya baba yako inasomwa na ukoo mzima. Sista ni mtu wa Mungu, lakini bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Ukiikuta na mkunjo usioeleweka, nijulishe.

Sasa picha. Zile tisa ulizomtumia baba yako, mama yako aliniletea nizisafishe kwenye karatasi kubwa. Nimekaa nazo siku tatu.

Kwanza chombo chenyewe. Unasema kilikwenda angani na kurudi mara thelathini na tisa, kikitua kwa magurudumu kama ndege, halafu mwaka 2011 vyote vya aina yake vikastaafishwa na kuwekwa ndani watu wavitazame. Nilimsimulia jirani yangu Isakwisa, yule wa duka la vitenge aliyetoka Mbeya. Akasema, "Mzee Polikarp, chombo kizima hakistaafishwi. Hapo kuna jambo." Mimi na Isakwisa hatukubaliani mara nyingi, lakini siku hiyo tulikubaliana. Gari linalorudi salama kila safari, nani analiegesha?

Kisha nikavitazama vile vigae vyeusi vya tumboni kwa kioo cha kukuzia. Vingine vimebabuka, vingine vina rangi mpya, inaonekana vilibadilishwa kimoja kimoja. Kumbe kila kurudi kulikuwa kuungua. Na umeandika mwenyewe kwamba viwili havikurudi, pamoja na watu waliokuwemo. Hapo nikaacha ubishi.

Ila neno moja bado ninalo. Kamera hufika kitu kikishakufa. Tanuru ya kuyeyushia chuma ya babu yetu ilifuka moshi miaka na miaka bila mtu kuipiga picha. Ilipobaki udongo mtupu na nyasi zimeota ndani, ndipo wageni wakaja na kamera zao, na mimi nikawabebea stendi. Kwa hiyo unapotuambia umeajiriwa hapo kupiga picha vyombo vilivyostaafu, naamini kazi hiyo ipo. Ninachouliza ni kama ni yako.

Usikasirike. Kamera ulishikia hapa kwangu. Mpiga picha aliyeajiriwa anaingia ndani ya kamba inayozuia watazamaji. Anapanda ngazi, anahamisha taa, anamsimamisha mtu kando ya gurudumu ili kimo kijulikane. Zako zote zimepigwa kwa simu, kutoka upande wa watazamaji, kwa taa zilezile za darini, na watazamaji wenyewe hayupo hata mmoja. Na sakafu imelowa. Katika zote tisa imelowa, mpaka chombo kinaonekana chini kimepinduka, mabawa na yote.

Vicent, nimepiga deki studio hii miaka thelathini na minne. Sakafu iliyotoka kupigwa deki naijua hata ikiwa kwenye picha. Katika ile ya sita, pembeni kushoto, kuna ncha ya mpini na nusu ya ndoo ya manjano. Niliikata kwa wembe kabla sijampa mama yako.

Kama unapiga deki, piga. Kazi ni kazi. Ningekutania kidogo halafu yangeisha, maana mtu aliye mbali lazima apambe habari zake. Lakini umemwambia mdogo wako Frank kwamba utamwingiza hapo awe msaidizi wako wa kamera, na Frank amekuamini. Ameandika barua ya kuacha ualimu kule Kaoze. Kwa kuwa kupanda huku kutoka bondeni ni safari, alipokuja mara ya mwisho aliniachia mimi nimpelekee afisa elimu. Nilimwuliza kama amefikiri vizuri. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hata hakuinua kichwa. "Baba Mkubwa, nimeshamaliza kufikiri. Kaka hawezi kunidanganya."

Mkewe Modesta ana mimba ya miezi sita. Barua ya namna ile ikishapigwa muhuri, kurudi kazini si rahisi, unajua ajira zilivyo. Naogopa, Vicent. Nakuandikia hivyo hivyo bila kuficha.

Huenda nimekosea. Watu wengi nimewashuku bure, waulize hao waliowahi kunifanyia kazi. Kama nimekosea, nitumie picha moja ukiwa ndani ya kamba, mkono wako juu ya gurudumu, nami nitakuomba radhi mbele ya baba yako. Kama sijakosea, mwambie Frank wewe mwenyewe. Akisikia kwangu atasema mzee ana wivu.

Na wivu ninao, sikatai. Picha zile ni nzuri. Ile ya chombo na kivuli chake kwenye maji, mwenye ngazi na taa asingeipata, maana saa hiyo yeye hajafika kazini. Nimeiweka dirishani mwa studio, na watu wanasimama.

Baba yako na mama yako wanakusalimu. Modesta anakusalimu, anasema jina la mtoto utalichagua wewe. Isakwisa naye anakusalimu, anauliza kama huko kuna vitenge. Mungu akufunike usiku na mchana, akupe afya, akupe na ujasiri.

Barua ya Frank iko kwenye droo yangu, chini ya bahasha za filamu za zamani. Nimemwambia Frank kwamba afisa elimu yuko likizo. Mimi niliyewaona watu wote waongo, sasa mwongo ni mimi, na Frank ananipigia kila jioni kuulizia bila kunishuku hata kidogo. Likizo ya mtumishi ni siku ishirini na nane, mwanangu. Leo ni ya tisa.

Ni mimi nikupendaye hata nikikushuku,
Baba yako Mkubwa,
Polikarp.