Filimbi ya Kocha Mchungaji

Alhamisi, 6 Machi

Nimeteuliwa! Mama Mchungaji kaja mwenyewe mpaka gereji, kasimama kwenye oili chafu na viatu vyake vya kanisani. Kaniomba Jumapili nimzungumzie marehemu mumewe – mchungaji wetu, kocha wetu, mtu mmoja huyohuyo. Mimi! Si Fundi Cherehani, eti mshambuliaji wa zamani, anavyojiona! Na siku hiyo filimbi ya marehemu inapata shingo mpya. Atakayevishwa ndiye kocha wa watoto. Shingo yangu imeshaanza kuwasha.

Jumamosi, 8 Machi

Hotuba mbele ya kioo. Lile shuti langu lililotoboa wavu, likatoboa ukuta wa shule, likamkuta mwalimu mkuu anakunywa chai. Zamani lilikuwa linaishia ukutani. Shuti zuri linakua na umri.

Mpwa wangu kauliza, mjomba, marehemu mwenyewe anaingia wapi hapo? Nikamwambia tulia, anakuja. Ana haraka huyu!

Lakini lazima aingie. Niseme alivyotuzibulisha mitaro ya mtaa mzima ndipo tuguse mpira. Alivyokatisha mahubiri yake siku ya mvua, twende tukamwezekee bibi kipofu paa. Na ile sheria: filimbi mbili, wote mbio kuzunguka kanisa, uwe na suti, uwe na homa. Na wa kwanza hamalizi mpaka amrudie wa mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Naandika pembeni mwa kanisa, karatasi juu ya paja. Pumzi sina!

Ndiyo kwanza nafika kwenye chai ya mwalimu mkuu – prii! prii! Mama Mchungaji kaipuliza filimbi! Miguu haikuniuliza. Vitambi, makoti, tai, wote nje! Wageni wakadhani kanisa linaungua. Nikawaacha wenzangu kama wamepandwa ardhini – mimi huyu! Mlango ule pale, filimbi ile pale. Nikageuka niwacheke.

Fundi Cherehani kakaa chini, kashika goti.

Ala! Nikarudi.

"Nenda bwana, utaikosa," kasema, anacheka mpaka anakohoa.

"Nyamaza, mzigo wewe. Pumua tuondoke."

Anapumua. Kule mlangoni wazee wenzetu wamesimama, hakuna anayeingia, wanatungoja. Mama Mchungaji anaivua filimbi shingoni, macho huku kwetu. Fundi kanishika bega, anasema haya, twende. Naye mzito kama –