Oleta Strayer, Uliyewavusha Wageni Mlimani

Mwaka umepinduka tangu mlima ukuchukue, Mama, na jirani yetu Arvel Tibbets hajachoka kusimulia. Anasema aliona yote akiwa juu ya greda lake la kusukuma theluji barabarani. Eti ulitaka kumwonyesha mgeni umahiri wako wa kuendesha, ukakanyaga ukingo wa barabara makusudi. Eti mwenye gari akaogopa akashuka, nawe ukaendelea peke yako mpaka ukaporomoka. Anayasema haya pale kituo cha mafuta, na wageni wanamnunulia kahawa.

Marnie, binti yako, humsikiliza mpaka mwisho, hamkatizi. Lakini siku ile alikuwa nyuma yako na pikapu, kama kawaida, ili akurudishe nyumbani ukishavusha gari la watu. Waliosikia ya Arvel tunawaomba wasikie na haya.

Wageni walikuwa wakija kutoka mbali kuiona barabara yetu ya mlimani. Wakifika kona ya kwanza, wanakanyaga breki, maana upande wa bondeni hauna kingo za chuma. Zingewekwa, greda lingesukumia wapi theluji? Basi wanageuza, wanakuja kugonga kwetu. Unapangusa unga wa pai mikononi, unachukua funguo zao.

"Fumba macho, mzee wangu, nitakuangalizia mimi," unamwambia mtu. "Jamani! Siku tatu barabarani kuja kuona milima, umeifikia unafumba macho!"

Wanacheka, na kabla hawajamaliza kucheka wako ng'ambo.

Kwa Marnie ulikuwa mkali. "Wewe achana na maporomoko, hayahami. Tazama tairi langu la nje, la upande wa bondeni."

Siku ile mlikuwa mnapanda. Mzee mwenye gari alikaa pembeni yako, kofia magotini. Ukungu ukashuka ghafla, na ndani yake likatokea gari-nyumba, refu kama basi, likiteremka huku limeng'ang'ania upande wa mwamba. Sisi wa hapa tunajua: anayepanda hupita, anayeshuka ndiye anayerudi nyuma. Yule hakujua, na hata angejua, dude lile asingeweza kulirudisha. Vioo vyake vilijaa nyuso za watoto.

Ukasimama. Marnie, aliyesimama chini kidogo penye upana, alikusikia kupitia dirisha lililokuwa wazi.

"Shuka, mzee. Nenda kwenye pikapu ya binti yangu."

"Na wewe je?"

"Nasogeza gari lako kidogo tu wapite. Usiwe na wasiwasi, halitachubuka."

Mzee akashuka kwa sababu ulimshusha. Ukasogea nje taratibu, mpaka ukingoni. Marnie alikuwa akitazama tairi lako, hakupepesa. Gari-nyumba likapita, likakigusa kioo chako, likapita lote. Ndipo udongo uliolowa kwa theluji inayoyeyuka ukakatika chini yako.

Greda halikuwepo, Mama. Hapakuwa na mtu mwingine.

Tangu hapo Marnie hajapanda mlima. Lakini jana aliingia kituo cha mafuta Arvel akiwa katikati ya hadithi, akaweka funguo za pikapu mbele ya kikombe chake.

"Mzee Arvel, ulisema uliona. Twende basi, ukanionyeshe ulipokuwa umesimama. Naendesha mimi. Wewe utakaa upande wa bondeni."

"Leo kuna ukungu, binti."

"Hata siku ile ukungu ulikuwepo. Au mzee unaogopa kupakiwa na mtoto wa Oleta?"

Mtu mmoja alicheka. Arvel alizitazama zile funguo. Marnie akavuta kiti, akakaa, akasema tena, kwa upole: "Twende, mzee wangu. Nakuomba."

Mpaka tunaandika haya, Arvel hajapanda pikapu ile.

Unakumbukwa na mumeo Wendell, ambaye bado anaacha taa ya barazani ikiwaka, binti yako Marnie, dada yako Corinne, na wote uliowafikisha ng'ambo salama. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.